Baiplani katika hewa nyepesi ya Nyarugusu: utulivu hujengwa mezani

Juni 16, 1935, Beryl Markham, rubani aliyekulia Njoro nchini Kenya, aliruka kutoka Nairobi usiku akiwa na mtungi wa oksijeni ndani ya ndege yake ndogo aina ya Avro Avian, yenye namba ya usajili VP-KAN. Alikuwa anakwenda Nungwe, kambi ya wachimba dhahabu kando ya Ziwa Victoria, ambako mgonjwa alikuwa akiisubiri hewa hiyo. Safari ilimchukua saa tatu na dakika 40. Hapakuwa na uwanja wa ndege wa maana. Palikuwa na kipande cha ardhi kilichofyekwa na mioto iliyowashwa ili aone pa kutua. Tukio hilo ndilo linalofungua kitabu chake cha mwaka 1942, West with the Night.

Ghuba ya Nungwe leo iko katika mkoa wa Geita. Ukitoka huko, ukapita Geita mjini na kushika njia ya kusini, unaingia katika kata ya Nyarugusu, nchi ya maduara (mashimo ya wachimbaji), makarasha (mashine za kusaga mawe) na mialo (sehemu za kuoshea dhahabu). (Nyarugusu hii isichanganywe na ile ya Kasulu, Kigoma, yenye kambi ya wakimbizi.) Wengi wanaoijua historia ya dhahabu ya ukanda huu hawajui kwamba karibu miaka 90 iliyopita uhai wa mgonjwa mmoja ulitegemea uwezo wa ndege ya mabawa pacha kushuka taratibu, gizani, kwenye uwanja mfupi, bila kupinduka.

Nasisitiza neno taratibu. Tunapozungumzia ndege tunapenda kusifu kasi, lakini rubani wa msituni miaka ile kasi haikumsaidia kitu mwisho wa safari. Alihitaji ndege inayoweza kupunguza mwendo hadi karibu na kikomo chake huku ikiendelea kumtii. Ndiyo maana kampuni ya Wilson Airways, aliyoianzisha Florence Kerr Wilson jijini Nairobi mwaka 1929, ilianza kazi na Gipsy Moth, ndege nyingine ya mabawa mawili, moja juu ya jingine. Muundo huo, ambao wapenzi wa ndege huuita baiplani, unatoa eneo kubwa la bawa bila kuhitaji bawa refu, na nguzo na waya zinazounganisha mabawa hayo huyafanya yawe imara bila kuwa mazito. Gharama yake ni ukinzani wa hewa. Zile nguzo na waya zote hukamata upepo, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 wabunifu walikuwa wanahamia kwenye bawa moja. Markham mwenyewe alipovuka Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi, Septemba 1936, alitumia Percival Vega Gull, ndege ya bawa moja.

Baiplani halisi zimebaki chache duniani. Za mfano, zile zinazoongozwa kwa rimoti kutoka chini, zinaendelea kutengenezwa, na sioni sababu ya vijana wa Geita na Shinyanga kuwa watazamaji tu. Mtoto wa Usukumani hutengeneza gari la waya lenye usukani unaogeuza magurudumu ya mbele kabla hajamaliza shule ya msingi. Mikono hiyo inaweza kujenga ndege. Ila baiplani ya mfano ina tabia moja inayowakatisha tamaa wengi: hewani inapendeza, ikikaribia kutua inalalia bawa moja ghafla na kujipigiza chini. Mwenyewe hudhani vidole vyake ndivyo vibaya. Mara nyingi vidole havina kosa. Utulivu wa mwendo mdogo hujengwa mezani, kwa rula na mizani, kabla rimoti haijawashwa. Hilo ndilo ninalotaka kulionyesha hapa, na Nyarugusu ni mahali pazuri pa kulionyesha kwa sababu hewa yake haina huruma.

Hewa ya juu

Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nchi inayolizunguka inapanda. Tuchukue mita 1,200 kwa hesabu zetu. Vipimo vya vitabuni huandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari yenye nyuzijoto 15, ambayo mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 1.225. Kwenye mita 1,200, mchana wa nyuzijoto 30, ujazo uleule unabaki na kama kilo 1.01. Hewa imepungua kwa karibu asilimia 18.

Bawa hubeba ndege kwa kuisukuma hewa chini. Hewa ikiwa pungufu, inabidi bawa lipite kwa kasi zaidi ili kubeba uzito uleule, na hesabu inatoa kama asilimia 10 zaidi. Modeli iliyoandikiwa kwamba kikomo chake ni kilomita 25 kwa saa, kwa mchana wa Nyarugusu kikomo hicho kinasogea hadi kilomita 27 na nusu. Utasema kilomita mbili na nusu si kitu. Lakini nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ndege hiyo inagusa ardhi na nishati iliyozidi kwa asilimia 21, na changarawe ya Nyarugusu si nyasi za uwanja wa mpira wa Ulaya. Pangaboi nalo linapata hewa kidogo ya kuvuta, kwa hiyo mota inayotosha Dar es Salaam huku inaweza kusuasua.

Dawa ziko mbili: ongeza eneo la mabawa kwa kama asilimia 21, au punguza uzito kwa asilimia 18. Kuongeza bawa kunaharibu sura ya ndege ambayo umeipenda kwa sababu ya sura yake. Basi punguza uzito. Modeli ya kilo moja na nusu ishuke hadi kilo 1.2 na gramu kidogo. Hapa ndipo ninapogombana na mtindo wa kupaka gundi kwa kumimina na kuweka betri kubwa ili ndege ikae hewani muda mrefu. Lile povu jeupe linalofungashiwa friji na televisheni, likikatwa vizuri na kuimarishwa kwa fito nyembamba za mwanzi, linajenga bawa jepesi kuliko mbao nyingi utakazopata kwa fundi seremala. Mizani ndogo ya jikoni iwe juu ya meza muda wote, na kila kipande kipimwe kabla hakijagandishwa.

Bawa linapoachia

Ndege inapokwenda polepole lazima iinue pua ili mabawa yakutane na hewa kwa pembe kubwa zaidi. Pembe ikizidi kiasi, hewa inayopita juu ya bawa haiwezi tena kulifuata umbo lake. Inabanduka, na bawa linaachia mzigo. Kama mabawa ya kushoto na kulia yangeachia kwa pamoja, pua ingeinama, kasi ingerudi, na mambo yangeendelea. Balaa huja upande mmoja ukitangulia. Upande huo unadondoka, ndege inageuka, na ikiwa juu kidogo inaanza kuzunguka kama pia hadi chini.

Baiplani ina faida ambayo ndege ya bawa moja haina: unaweza kuamua ni bawa lipi litangulie kuachia, la juu au la chini. Katika nyingi ya ndege hizi bawa la juu limesogezwa mbele ya lile la chini. Ukilipa bawa la juu pembe kubwa kidogo kuliko la chini, nyuzi moja au mbili tu, litaachia kwanza. Kwa kuwa liko mbele ya kitovu cha uzito, likiacha kubeba pua inashuka, huku bawa la chini, lililo nyuma, bado linafanya kazi. Ndege inajirekebisha yenyewe kabla rubani hajashtuka. Kwa bawa lenye upana wa sentimita 20 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, nyuzi moja ni kama milimita tatu na nusu, yaani kipande cha kadibodi chini ya ukingo wa mbele. Kinyume chake, bawa la chini likiwa na pembe kubwa kuliko la juu, hata kwa bahati mbaya ya kuganda vibaya kwa gundi, linaachia kwanza lile la nyuma, pua inapanda zaidi, na hapo rimoti haina msaada.

Nafasi kati ya mabawa nayo ina kiasi chake. Mabawa yakikaribiana sana yanaibiana hewa: shinikizo dogo juu ya bawa la chini hukutana na shinikizo kubwa chini ya bawa la juu, na yote mawili hudhoofika. Kanuni ya zamani ni kuacha nafasi isiyopungua upana wa bawa. Kama bawa lina sentimita 20, acha 20. Watengenezaji wa modeli za maonyesho huzibana ili zionekane kali. Hizo ziacheni kwenye kabati la kioo.

Halafu kuna ncha za bawa. Ncha ikiachia kabla ya sehemu iliyo karibu na bodi, ndege inalala upande, kwa sababu ncha iko mbali na kitovu na nguvu yake ya kugeuza ni kubwa. Kwa hiyo ncha isokotwe kidogo: ukingo wa nyuma wa nchani uinuliwe kwa nyuzi mbili, milimita saba kwa bawa letu la sentimita 20. Pasha povu joto kidogo kwa mvuke, lisokote, lishikilie hadi lipoe, kisha pima. Msokoto huu ufanane kushoto na kulia kwa milimita. Nimeona modeli inalalia upande uleule kila ikitua na mwenye nayo anaongeza namba kwenye rimoti ili kuisahihisha, wakati bawa la kushoto lilikuwa limejikunja kwa sababu ya kuachwa juani juu ya bodaboda. Jua la mchana la Kanda ya Ziwa linakunja povu na plastiki bila kumwuliza mtu. Weka ndege juu ya meza, simama nyuma yake hatua tatu, funga jicho moja, na uangalie kingo za nyuma za mabawa yote manne. Jicho la fundi linaona kosa la milimita mbili.

Somo kutoka Tiger Moth

De Havilland Tiger Moth iliruka mara ya kwanza Oktoba 26, 1931, na zaidi ya 8,000 zilitengenezwa. Marubani wengi wa Uingereza na makoloni yake walijifunzia humo. Bawa lake la juu lilisogezwa mbele kwa sababu isiyohusu utulivu hata kidogo: aliyeketi kiti cha mbele alikuwa chini ya tangi la mafuta lililo katikati ya bawa la juu, na ilibidi apate nafasi ya kuruka kwa mwavuli. Ili uwiano wa uzito usiharibike, mabawa yakarudishwa nyuma nchani. Ndivyo sura ile maarufu ilivyopatikana.

Kinachotuhusu zaidi ni eileroni zake, vile vipande vinavyochezacheza nyuma ya bawa kuilaza ndege kushoto au kulia. Tiger Moth inazo kwenye bawa la chini peke yake, na zimefungwa kwa mpangilio ambao inayopanda inapanda sana na inayoshuka inashuka kidogo mno. Sababu ni hii: eileroni inayoshuka huongeza mnyanyuo wa upande wake na huongeza pia ukinzani, kwa hiyo ukitaka kugeuka kushoto, bawa la kulia linavutwa nyuma na pua inaelekea kulia. Kwa kasi kubwa huoni kitu. Kwa kasi ndogo, na pembe ya bawa ikiwa tayari imekaribia ukomo, ile eileroni ya kushuka ndiyo inayolisukuma bawa lipite mpaka na kuachia. Rubani anajaribu kuinua bawa lililolala, na kwa kitendo kilekile analiangusha.

Kwenye modeli, weka eileroni ipande mara mbili ya inavyoshuka. Rimoti nyingi za sasa zina sehemu ya kupanga hivyo, na kama yako haina, badilisha tundu la kuunganishia waya kwenye mkono wa sevo, ile mota ndogo inayovuta eileroni, ili mkono huo uanze ukiwa umeinama upande mmoja. Kisha jizoeze kutumia usukani wa mkia. Kwa baiplani inayokwenda polepole, bawa linaloanza kulala linarudishwa kwanza kwa usukani wa mkia, siyo kwa eileroni. Hili ni gumu kwa waliojifunzia kwenye modeli za bawa moja za kisasa, ambazo husamehe uvivu wa kidole kinachoendesha usukani huo.

Kuna ndege nyingine ya mabawa pacha ambayo wanaopenda mwendo mdogo wanapaswa kuisoma: Antonov An-2 ya Kisovyeti, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1947. Ukingo wote wa mbele wa bawa lake la juu una vibawa vyembamba vinavyojifungua vyenyewe kasi ikipungua, na kuacha upenyo unaopitisha hewa mpya juu ya bawa ili isibanduke mapema. Kwenye modeli ndogo kazi kama hiyo, kwa kiasi kidogo, inaweza kufanywa na uzi. Gandisha uzi wa kushonea juu ya bawa, sentimita moja au mbili nyuma ya ukingo wa mbele, kutoka ncha hadi ncha. Bawa dogo linalokwenda polepole lina tatizo ambalo bawa la ndege halisi halina: hewa inalipita kwa utulivu kupita kiasi na inabanduka kwa urahisi. Uzi unaivuruga kidogo, na hewa iliyovurugika hung'ang'ania bawa kwa muda mrefu zaidi. Ni marekebisho ya bei ndogo kuliko yote niliyotaja na mara nyingi ndiyo watu wanayoyadharau.

Kitovu cha uzito

Kosa linaloua baiplani nyingi kuliko yote linafanyika kwa rula. Mjenzi anajua kwamba ndege isawazike kwenye asilimia 25 hadi 30 ya upana wa bawa kutoka mbele. Lakini bawa lipi? Tuseme la juu limetangulia la chini kwa sentimita sita, na yote yana upana wa sentimita 20. Wastani wa kingo za mbele uko sentimita tatu nyuma ya ukingo wa bawa la juu. Asilimia 28 ya 20 ni sentimita 5.6. Jumlisha: ndege isawazike sentimita 8.6 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa la juu. Aliyepima kwa bawa la chini peke yake ataweka kitovu sentimita 11.6, sawa na asilimia 43 ya bawa la wastani. Ndege hiyo mkia wake ni mzito, na itaonekana nyepesi na tiifu hadi pale utakapopunguza mwendo, ndipo pua itakapoinuka bila kuombwa.

Weka alama mbili za kalamu chini ya bawa la juu, kushoto na kulia, kwenye 8.6. Inyanyue ndege kwa ncha za vidole viwili vya shahada kwenye alama hizo, betri ikiwa ndani. Bodi ikilala sawa au pua ikiinama kidogo, umemaliza. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele kabla hujafikiria kuongeza risasi puani, kwa sababu kila gramu ya risasi inarudisha kasi ile ya ziada tuliyohangaika kuipunguza.

Ukanda wa ziwa umeona njia nyingine kabisa ya kulikwepa tatizo la mwendo mdogo. Mwaka 2018, katika mradi wa majaribio wa miezi sita ulioendeshwa na DHL, shirika la GIZ na kampuni ya Wingcopter, droni ilipeleka dawa Ukerewe kutoka bara, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Chombo kile kinapanda na kushuka wima kwa mapangaboi yanayogeuza mwelekeo, hivyo hakihitaji bawa lake kubeba mzigo katika mwendo mdogo. Nakiheshimu, na naona fahari kwamba dawa ilipita angani juu ya ziwa lilelile ambalo Markham alilifuata. Lakini kompyuta ndiyo inayokishikilia. Kijana atakayeijenga baiplani ya povu na kuitua salama ameshika mkononi sababu za kila kitu: kwa nini imeinama, kwa nini imelala, kwa nini imerudi. Akienda baadaye kusomea ufundi wa ndege katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, hataanzia sifuri.

Kabla ya kurusha, sheria. Chombo chochote kisicho na rubani ndani yake kiko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na kibali kitafutwe mapema. Kaa mbali na viwanja vya ndege, mbali na migodi, na mbali na watu walio mialoni. Rusha asubuhi, jua likiwa bado chini. Hewa imepoa, kwa hiyo ni nzito zaidi, na haijaanza kuchemka. Kuanzia saa nne za asubuhi wakati wa kiangazi, ardhi tupu iliyochimbwa inapata joto haraka, na visulisuli vya vumbi huanza kuzunguka kwenye mabaki ya michanga. Kisulisuli kimoja kinatosha kubadilisha kasi ya upepo kwenye bawa moja na kulifanya liachie.

Mara ya kwanza usiwashe mota. Tafuta nyasi ndefu, shika ndege chini ya bodi, ielekeze kwenye upepo mwepesi, na isukume mbele kwa usawa, pua ikiinama kidogo. Ikiteleza moja kwa moja na kushuka polepole, iko tayari. Ikipanda kisha ikaanguka, mkia ni mzito. Ikikimbilia chini, pua ni nzito. Ikigeukia upande uleule mara zote, rudi ukapime mabawa.

Siku ya kutua kwa mota, kona ya mwisho ndiyo ya hatari. Ndege iliyolala nyuzi 45 inahitaji kasi ya asilimia 19 zaidi ili mabawa yasiachie. Ikilala nyuzi 60, asilimia 41. Kwa hiyo geuka mapema na kwa upana, nyoosha ndege ikiwa bado mbali, kisha shuka ukielekea kwenye upepo. Usizime mota. Nguzo na waya zile zote zinafunga breki mara tu nguvu inapoondoka, na baiplani isiyosukumwa inapoteza kasi kwa muda mfupi kuliko unavyodhani, wakati upepo wa pangaboi ndio unaoupa usukani wa mkia uwezo wa kufanya kazi. Acha mota izunguke kama robo ya nguvu hadi magurudumu yaguse, ndipo uipunguze taratibu huku ukivuta pua kidogo ili mkia ukae chini. Ikisimama, shika kila waya kwa kidole uone kama umelegea, kwa sababu waya uliolegea umeshabadilisha pembe ya bawa. Kaza, pima ile milimita saba ya msokoto kushoto na kulia, ndipo uibebe tena kuelekea upepo.